Taipureta Ndani ya Simu

Nianze na lile la kijinga, maana hata nikilificha mbele, nyuma litatokeza: nilimwambia mama yangu mzazi kwamba mlio wa simu iliyokatika ni taipureta.

Mlio wenyewe unaujua. Tuuuuu. Maana yake mtu wa upande ule ameshaenda zake na wewe umebaki umeshika plastiki. Mama alikuwa ndani ya kibanda cha simu nje ya posta, mjini Kakamega, kidole kimoja sikioni kuzuia kelele za barabarani. Aliusikia ule mlio, akanitazama. "Na hii inalialia hivi ni nini?" Mimi, kidato cha tatu, niliyefundishwa umeme mpaka mwalimu mwenyewe akachoka, nikamjibu bila kupepesa jicho: "Ni taipureta, mama. Sekretari wa mjomba anaandika yale unasema. Sema polepole asikose."

Mama akasema polepole.

Kabla hujanihukumu, ngoja nikueleze tulivyofika hapo. Bado utanihukumu, lakini angalau utakuwa umeelewa.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Dada yangu mkubwa alikuwa amepata mchumba, mwalimu, mtu wa Kabras, kwao wanalima miwa. Wazee wao walikuwa waje kwetu, huku karibu na Khayega, kuzungumza mambo ya mahari mwisho wa mwezi, na kila mtu aliyehusika alikuwa ameshaambiwa. Halafu Jumatatu moja mchumba mwenyewe akafika kwa baiskeli, suruali ameikunja mpaka magotini, akasema miwa yao imepangiwa kukatwa wiki ile ile ya mwisho wa mwezi. Miwa ikishapangiwa, mwenye shamba hatoki. Wakataji wakija wasimkute, wanahamia kwa jirani. Lori likija lisimkute, linajaa miwa ya mwingine. Kwa hiyo wazee waliomba waje Jumamosi hii hii. Wakiikosa hii, ni mpaka Desemba. Na kule kwao kulikuwa na shangazi mmoja ambaye tayari alikuwa na msichana wake mwingine mfukoni, wa huko huko karibu na Malava, msichana ambaye eti hana maringo.

Baba akasema sawa, waje. Mama akashika kichwa. "Na ndugu yangu?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kwetu msichana hatolewi bila khotsa, yaani mjomba, ndugu wa mama. Baba anaweza kuvaa koti na kukohoa vizuri, wazee wa ukoo wanaweza kujaa mpaka nje, lakini kama kiti cha mjomba kiko wazi, wageni watapewa chakula, wataulizwa habari za mvua, na watarudi kwao midomo ikiwa na mafuta na mambo yakiwa pale pale. Na mjomba wetu, wa pekee, alikuwa Nairobi akijua ni mwisho wa mwezi. Barua isingefika kabla ya Jumamosi. Ilibaki simu.

Dada alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja aliokuwa ameufagia asubuhi.

Sasa, mjomba wangu ni mtu wa mitambo. Ndiye wa kwanza katika ukoo mzima kuwa na saa ya mkononi inayopiga muziki, ndiye wa kwanza kuwa na pasi isiyokula makaa, na mwaka ule alikuwa amenunua mashine ya kupokea simu. Niliiona likizo ya Aprili nilipokaa kwake. Ni kisanduku cheusi chenye kikaseti kidogo kama biskuti, na ndani yake mnakaa mwanamke. Namaanisha sauti, ilitoka nayo kiwandani. Ukipiga simu na mjomba hayupo, yule mwanamke anakuambia kwa Kizungu cha puani kwamba hakuna mtu, sema lako baada ya mlio. Unasema. Anakupa muda mfupi tu, wa kumtosha Mzungu mmoja mwenye haraka, halafu analia tena na kukukata. Mjomba alikuwa akitutoa jikoni tuje tusikilize mashine ikipokea simu, naye mwenyewe amesimama kando yake, amekunja mikono, hapokei, anatabasamu tu.

Kwa hiyo katika boma letu zima mimi ndiye niliyekuwa najua kitu hicho kipo duniani. Maarifa kama hayo ni hatari kwa mtu kama mimi. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yangu: ana akili, ila anaichezea.

Jumanne tukaenda mjini, mimi na mama, mimi nikiwa mtaalamu. Mama alivaa gauni la kanisani na vile viatu vyake vya kufunga. Nikamuuliza kwani simu inaona.

"Haioni," akasema, "lakini mimi najiona."

Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya Kiswahili. Nyumbani tunaongea Kiluhya. Kiswahili tumekiweka kama vile vikombe vya maua vya kabatini, kinatolewa mgeni akija. Kizungu ni cha shuleni, ambako ukipatikana na neno la kwenu unavalishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzako wa kumvisha. Mama alifikiri, akaamua kwamba simu ni mgeni. Basi ni Kiswahili.

Kwenye kibanda kulikuwa na foleni. Zamu yetu ilipofika niliingia naye, tukabanana shavu kwa shavu, nikatia sarafu, nikazungusha namba. Ikalia. Ikalia tena. Halafu yule mwanamke wa kiwandani akaanza Kizungu chake, na mama akasimama wima kama yuko mbele ya askofu.

"Kuna mwanamke," akaninong'oneza, ameziba simu kwa kiganja. "Anaongea Kizungu. Ni nani?"

Hapa ndipo ningesema: mama, ni mashine, toa neno lako upesi. Hayo tu. Yakaja mengine.

"Ni sekretari wa mjomba."

"Mpaka nyumbani?"

"Siku hizi wanakuwanga nao mpaka nyumbani. Huyu haongeangi sana, lakini anasikia yote. Na anapenda heshima. Asiposalimiwa vizuri, hapelekangi ujumbe."

Ilikuwa ni kumwambia samaki aogelee. Kwetu kusalimiana ni kazi, na mama ni fundi wake. Yeye akienda kisimani saa tatu anarudi saa tano, na maji yenyewe ni ya karibu.

"Mulembe, mama," akaanza, kwa sauti ya kufika Nairobi hata bila waya. "Habari ya huko?" Akangoja. Kimya. "Habari ya kazi?" Akangoja. Kimya. Akamsamehe, akaendelea. "Na watoto, wako? Haya, tushukuru. Sisi huku tuko tu, Mungu anatulinda. Kukhu yuko, mama yake mzee wangu, ule mguu umepoa kidogo, isipokuwa kukiwa na baridi—"

Bip. Ikakata.

"Tumekatika," nikamwambia. "Tupige tena. Lakini ameanza kukupenda."

Mara ya pili: "Ndiyo, mama, ni mimi tena. Tulikuwa tumefika kwa mguu wa kukhu. Sasa ng'ombe, ile nyekundu, imezaa. Ni ndume. Kuku pia wako, ingawa kuna ugonjwa ulipita, ukabeba wa jirani, wetu ukaacha—"

Bip.

Nje ya kibanda kijana mmoja mwenye kofia aligonga kioo. "Mathe, hiyo ni simu ama ni ibada? Wengine pia tuko na watu wetu."

Mama akafungua mlango kidogo. "Na wewe, kijana, habari yako? Mama yako ako?"

"Ako," akajibu yule kijana, na adabu ikamwingia ghafla, akarudi kwenye foleni.

Mara ya tatu nilikuwa nimeuma kola ya shati nisipasuke kwa kicheko. Mama alitaja watoto wote mmoja mmoja na namba waliyoshika darasani, akapita kwangu haraka kwa sababu ya aibu, akaenda kwa mchungaji, akaenda kwa paa la kanisa lililoezuliwa na upepo. "Mwongezee, mama," nikamwambia kwa sauti ambayo ilikuwa tayari inakatika, "mwongezee!" Naye akaongeza. Na alipovuta pumzi ili sasa aingie kwenye jambo lenyewe, bip, halafu tuuuuu.

Sarafu zilikuwa zimebaki, ningeweza kupiga mara ya nne. Lakini akaniuliza ule mlio ni nini, na unajua nilichojibu.

"Mwambie... ndugu yangu..." mama akaiambia tuuuu, neno moja moja, kama mtu anayevuka daraja la mti. "Wageni... wanakuja... Jumamosi hii. Si mwisho wa mwezi. Jumamosi... hii. Bila yeye mtoto wangu hatolewi. Umeandika?"

Tuuuuu.

"Asante, mama. Mungu akubariki."

Akatundika simu taratibu, kama anamlaza mtoto. Akaninunulia andazi na soda. Akasema, akijifuta jasho, "Huyo msichana ana heshima kweli. Hajanikatiza hata kidogo."

Mpango wangu ulikuwa mzuri, naomba ujue hivyo. Kesho yake ningerudi peke yangu, niiambie mashine neno lenyewe kwa sekunde tano, mjomba aje, na mimi nibaki na kichekesho changu cha kuwapelekea wenzangu bwenini muhula ujao. Jumatano nikachukua baiskeli ya baba nikaenda. Simu ikalia, ikalia, ikalia. Yule mwanamke hata hakutoka. Nikapiga tena. Alhamisi nikarudi nikapiga mpaka mikono ikanuka shaba. Ndipo nikaelewa: kaseti imejaa. Watu wa Nairobi walikuwa wameweka yao, na mama yangu akamalizia nafasi iliyobaki kwa mguu wa kukhu, ndama na paa la kanisa.

Ungefikiri basi ningeenda nikamwambia ukweli. Nilijaribu. Alhamisi jioni nilimfuata dada, nikamkuta anazipaka kuta za sebule udongo mweupe, mikono mpaka viwiko. Kabla sijafungua mdomo akanipa mnofu wa nyama aliokuwa ameuficha kwenye bakuli. "Huu ni wa mtu wa simu," akasema, akicheka. Dada yangu hajawahi kunifichia nyama tangu nizaliwe, huwa anaificha nisiione. Nikala mnofu wote, nikaenda kulala na lile neno langu. Ijumaa alininyooshea shati.

Jumamosi wageni wakafika saa nne, wazee waliovaa makoti, bibi kizee, nyanya yake bwana harusi, na bakora yake, na yule shangazi mwenye msichana mfukoni. Tulikuwa tumeazima viti kanisani. Kando ya baba kulikuwa na kimoja kilichotandikwa kitambaa, hakuna aliyekikalia. Kulikuwa na ingokho, kuku, wa kutosha koo mbili, na obusuma, ugali, uliopanda kama kilima, na kwenye sahani ya peke yake, imefunikwa, firigisi ya yule jogoo mkubwa. Hiyo ilikuwa ya mjomba.

"Yuko njiani," mama alimwambia kila mtu. "Nimeongea na sekretari wake."

Wageni wakatikisa vichwa. Ukoo wenye sekretari si ukoo wa mchezo.

Saa sita. Mzee wa wageni akaulizia mvua ya huku. Baba akajibu, akaulizia mvua ya Kabras. Saa nane ile mvua waliyokuwa wakiizungumzia ikaja yenyewe, ikanyesha, ikaisha, wakabaki hawana la kuzungumza. Kitambaa juu ya kile kiti kikaanza kunitazama. Shangazi akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Sisi kwetu watu wakialikana wanakuwangako." Mzee wa wageni akaokota kofia yake, akaiweka gotini. Kofia gotini maana yake bado kidogo. Ikifika kichwani, ni Desemba.

Nilikuwa jikoni na dada. Alikuwa amevaa gauni jipya la bluu na amesimama nyuma ya pazia, anaitazama ile kofia. Hakulia. Angelia, ningevumilia. Alinigeukia tu akauliza, "Lakini sekretari aliandika, si ndiyo?"

Nikatoka. Nikaenda moja kwa moja mpaka mbele ya baba, mbele ya makoti yote yale. Baba, kwa wasiwasi, alikuwa amefunua ile sahani, akaitia firigisi mdomoni bila hata kujua mkono wake unafanya nini.

"Baba," nikasema, "kuna jambo kuhusu simu."

Akanionyesha kidole, ngoja nimeze.

Na hapo ndipo tuliposikia kilio.

"Uuuuwi! Shemeji wangu! Umetuacha na nani! Uuuuwi!"

Kwetu mtu anayekuja matanga haingii kimya kama mwizi. Anaanza kulia akiwa barabarani, anavunja tawi kwenye ua, anaingia bomani anakimbia na kuizunguka nyumba. Mjomba alifanya yote. Aliingia na suti nyeusi, matope mpaka magotini, tawi mkononi, macho yamejaa machozi hata haoni viti wala wageni. Nyuma yake wenzake wanne wa ofisini, nao kwa nguo nyeusi, mmoja amebeba shada la maua, wanakimbia vibaya kama watu ambao hawajawahi kukimbia matanga. Wakapita mbele yetu wote, wakaizunguka nyumba, tukasikia kilio kikienda nyuma ya jikoni, kikipita choo, kikirudi upande wa pili. Aliporudi mbele, baba alikuwa amesimama, shavu moja limevimba.

Mjomba akamtazama baba. Baba akamtazama mjomba. Baba hakuweza kusema kwa sababu ya firigisi. Tawi likaanguka.

"Ndiye amekufa?" akauliza bibi wa Kabras. "Mbona anakura?"

Mjomba akaketi pale pale kwenye matope. "Shemeji," akasema, "kwani uko?"

Baba akameza. "Niko. Nilikuwa nakungoja."

Mzee wa wageni alikuwa ameshasimama, kofia inapanda kichwani, kwa sababu mahari haizungumzwi kwenye nyumba ya matanga. Mama akatoka mbio na mwiko. "Nani amekufa? Nani amekuambia kuna mtu amekufa?"

"Si wewe umenipigia simu?"

"Nilikupigia kukuambia ni leo!"

"Hukuniambia hivyo!"

"Nilimwambia sekretari wako!"

"Sekretari gani, dada? Mimi mwenyewe ni karani!"

Nikaanza kurudi nyuma kuelekea migombani, hatua ndogo ndogo.

Mjomba akaeleza akiwa bado amekaa chini. Alikuwa safarini kikazi, amerudi Alhamisi jioni, akasikiliza mashine, akamkuta dada yake. Mara ya kwanza salamu. Mara ya pili salamu. Mara ya tatu salamu, halafu basi. Akawageukia wale wazee. "Nyinyi niambieni. Mtu wa kwetu akupigie simu kutoka mbali, mara tatu, asiseme lolote ila salamu. Hiyo ni nini?"

Wazee wote, wetu na wao, wakajibu kwa pamoja: "Msiba."

Kwa maana huo nao ni utaratibu wetu: mabaya hayasemwi kwenye simu. Unamsalimia mtu, unamwambia wote ni wazima, na yeye anafunga virago mwenyewe.

"Nikasikiliza tena," mjomba akaendelea. "Kukhu yuko. Ng'ombe iko. Kuku wako. Watoto wote wako, mchungaji ako. Boma lote limetajwa, hata kuku wa jirani. Isipokuwa mtu mmoja." Wote tukamtazama baba. "Na nyuma yake nasikia huyu kijana analia mpaka anakwama."

"Nilikuwa namweka mwisho!" mama akasema. "Mwenye boma si anawekwanga mwisho?"

Lakini mjomba hatembei bila mtambo. Alitoa kwenye koti kirekodi kidogo cha mkononi, na ndani yake mlikuwa na kile kikaseti. Basi zima kutoka Nairobi alikuwa akikisikiliza na kulia. Akabonyeza. Sauti ya mama ikatoka, ndogo na ya kukwaruza, ikiuliza habari ya huko. Bibi wa Kabras akakisogelea kwa bakora. "Tuko salama, mama," akakijibu. "Na nyinyi?" Kaseti ikauliza habari ya kazi. "Tunasukuma tu," akasema bibi. Aliijibu yote, mpaka kwa kuku.

Halafu ikafika mara ya tatu, na ikasikika sauti ya mvulana: "Mwongezee, mama, mwongezee!" Kisha ikafuata ile aliyodhani mjomba ni kilio. Pale uwanjani, kukiwa kimya, ilisikika wazi ni nini.

"Rudisha hapo," baba akasema.

Mjomba akarudisha. Tukasikia tena. Baba akataka mara ya tatu, ile ya kuhakikisha. Nilikuwa nimefika mgomba wa kwanza, lakini dada alikuwa amesimama nyuma yangu, na mkono wake ulikuwa kwenye kola ya lile shati alilolinyoosha mwenyewe.

Nikasema yote. Mashine, mwanamke wa kiwandani, kaseti kujaa. Niliposema taipureta, sauti ilitoka kidogo sana, na mzee wa wageni akaniomba nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia kwa sauti.

Bibi wa Kabras ndiye aliyeanza. Alicheka bila meno, bila sauti, bakora inatetemeka. Halafu wale wenzake mjomba, halafu wazee, halafu shangazi mwenyewe akacheka mpaka akamshika dada bega asianguke, na alipomaliza kucheka ule mkono haukutoka begani. Mzee wa wageni akavua kofia, akaitundika kwenye kona ya kiti chake.

"Kama mashine imesalimiwa namna hii," akasema, "sisi watu tutaamkiwaje? Mjomba, toka kwenye matope. Kaa kwenye kiti chako tuongee."

Mjomba akakaa kwenye kitambaa cheupe na suruali ile ile. Alizungumza mambo ya dada kwa suti ya matanga na sauti iliyokauka kwa kulia, na nasikia hakuna aliyewahi kubishana na mjomba wa namna hiyo. Ukimkatalia, anakuwa kama anataka kuanza upya. Kufika saa kumi na moja walikuwa wamepeana mikono. Shada la maua, lenye utepe wa kumtakia baba apumzike kwa amani, liliachwa kando ya ua, na mbuzi aliyekuja na wageni akalila lote akaacha utepe.

Firigisi ilikuwa imeliwa. Mjomba hajalisahau hilo mpaka leo.

Wageni walipotoka, baba alisema mambo yangu yatazungumzwa na mwenye simu yake, mama, kisha yeye akaingia ndani. Nikabaki na mama uwanjani, jua linatua, sufuria zimepangana. Alikuwa anasugua kwa majivu. Mimi nikaanza kujitetea. Nikasema hata hivyo mjomba alifika siku yenyewe. Nikasema bila mimi angefika mwisho wa mwezi. Nikasema, ukiangalia vizuri, ni mimi niliyemwoza dada. Mama akasuuza sufuria, akaiinamisha maji yatoke, akaniambia hivi, kwa Kiswahili, kile cha wageni:

"Kesho kabla ya kanisa utavaa hilo shati, uende kila boma kutoka hapa mpaka soko la Khayega. Usalimie watu wote, mmoja mmoja, na uulize ng'ombe wao. Mtu akinyamaza, usiondoke, ungoje ajibu. Na kabla hujatoka, uanze na baba yako, asije akatufia tena."